Baba ananipigia simu kila usiku, na mama mdogo ananilisha nyama

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani, nauza samaki wa kukaanga. Nakuandikia kabla hakujakucha maana usingizi umegoma, na mume wangu amechoka kunisikiliza.

Baba yangu alifariki Machi mwaka huu, kijijini, ukipita Nanyamba. Alikuwa anaumwa moyo, miguu ilimvimba tangu mwaka jana. Usiku aliofariki alinipigia simu. Nilikuwa nimeizima sauti, kwa sababu naamka saa tisa usiku kwenda kupokea samaki, kwa hiyo nalala mapema. Nilipoamka nikakuta amenipigia zaidi ya mara moja, na juu yake ujumbe wa mjomba kwamba mzee hatunaye.

Tangu arobaini ipite naota. Naota simu inaita, naitafuta kwenye ndoo ya samaki, chini ya godoro, kwenye begi la shule la mtoto. Nikiipata, vidole vina mafuta, vinateleza, haipokeleki. Usiku mwingine namwona mwenyewe yuko shambani, anafagia chini ya mikorosho, kanipa mgongo. Ananiuliza, "Mmepuliza?", yaani dawa ya mikorosho. Sauti ni yake kabisa. Nataka kumjibu, mdomo haufunguki.

Hiyo ningeivumilia. Iliyoniondolea amani ni ya mama mdogo, mdogo wake marehemu mama. Naota ananipakulia nyama kwenye sahani ya bati, ananiambia "kula mwanangu", nami nakula huku najua sitakiwi kula. Mama mdogo ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho, kwa sababu baba alioa kule kwa akina mama akabaki hukohuko, mikorosho yake ameipanda huko. Hata pesa za korosho za msimu uliopita zilipita kwenye akaunti ya mama mdogo, baba alikuwa hoi hawezi kwenda benki. Mimi alinitumia laki nne nikaongezea mtaji. Hilo si tatizo, nakueleza tu uelewe tunavyoishi.

Kuna na usiku mwingine naamka kabisa, naona chandarua, nasikia mume wangu anakoroma, lakini siwezi kusogeza hata kidole. Kitu kimenikalia kifuani na mlangoni kama kuna mtu.

Nilimweleza jirani, akanipeleka kwa mganga. Mganga akaangalia, akasema anayenilisha usiku ni mwanamke wa damu yangu, na kwamba hata baba hakuondoka kwa siku zake. Jina hakulitaja, lakini Shangazi, hapo kuna haja ya jina? Anataka laki mbili na beberu mweusi, na niko tayari kukopa kwenye vikoba. Mjomba anasema huyo ni tapeli, baba anadai tambiko, twende tukamwage unga wa mtama chini ya mti wa msolo. Ustadhi anayewafundisha watoto madrasa anasema ni shetani tu, nisome dua nilale. Mume wangu anasema ni presha. Kweli nina presha, nilianza tembe mwezi wa nne.

Ningeweza kuyapuuza yote, ila wiki moja kabla baba hajafa niliota meno yananing'oka, nayakinga kwa kiganja. Bibi alitufundisha kwamba meno ni msiba, na ikawa. Sasa juzi nimemwota mdogo wangu aliyeko Masasi, amevaa shela jeupe, anacheka. Ana mimba ya miezi minane. Harusi ndotoni maana yake unaijua. Natamani nimwambie asijifungulie hospitali aliyojiandikisha, aje huku kwangu. Kwa mama mdogo siku hizi sili, na likizo ya Juni watoto niliwakatalia kwenda.

Ndoto zina maana au hazina? Na mimi nifanyeje?

Mwenye usingizi wa mang'amung'amu,
Mikindani

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mzee.

Ndoto zako zina maana, tena kubwa kuliko ile unayouziwa kwa laki mbili na beberu. Ila kila moja inamsema aliyeota: hofu yake, majuto yake, na jambo moja la mchana ambalo umeliandika haraka ukaniambia si tatizo. Nitalifikia. Kuhusu mama mdogo hazijasema kitu, na mtu hapandishwi kizimbani kwa ushahidi uliotoka kwenye mto wa kulalia wa mwenzake.

Nianze na kinachokukalia kifuani, maana ndicho chepesi kuliko vyote. Hilo ni jinamizi, na namna linavyotokea inajulikana. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walionyesha kwamba usingizi haufanani tangu jioni hadi asubuhi. Kila baada ya dakika 90 hivi huingia kipindi ambacho macho hukimbia huku na huku chini ya kope na ubongo unachangamka karibu sawa na wa mtu aliye macho. Ukimwamsha mtu hapo, mara nyingi atakusimulia ndoto. Kwa mtu mzima vipindi hivyo vikijumlishwa hufika kama robo ya usingizi wake, na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndoto huja na nje ya hapo, ila zile ndefu, zenye visa na watu, nyingi ni za hapo.

Katika kipindi hicho mwili hufungwa. Misuli ya mikono na miguu hulegea kabisa. Ya kupumulia na ya macho huendelea na kazi. Bila kufungwa huko, anayeota anakimbizwa na nyati angemvunja mbavu aliyelala naye. Sasa mara mojamoja mtu huamka kichwani kabla mwili haujafunguliwa. Anaona chandarua, anasikia mkoromo, kidole hakiendi. Na kwa kuwa ndoto haijaisha, anaongezewa uzito kifuani na mtu mlangoni. Hudumu sekunde kadhaa, au dakika moja mbili, kisha huachia. Haliui. Wajapani wanalijua na wanaliita kanashibari, na kule Newfoundland, Kanada, wazee husimulia juu ya kikongwe anayekuja usiku kumkalia mtu kifuani. Kila nchi ina mgeni wake, ila kukaliwa ni kulekule.

Jinamizi huwapenda wenye usingizi uliokatwakatwa, wenye mawazo, na wanaolala chali. Mawili ya kwanza nimeyaona kwenye barua yako, la tatu unalijua mwenyewe. Lalia ubavu. Likikushika, usipambane na mwili mzima. Vuta pumzi polepole, nguvu zote zipeleke kwenye kidole kimoja cha mguu mpaka kicheze. Kikicheza tu, umefunguka.

Hiyo saa tisa yako inaeleza na jambo lingine, kwa nini wewe unaota sana na mume wako hakuna anachokumbuka. Naye anaota. Lakini wewe unajikata usingizini pale ambapo ndoto ndiyo kwanza zimekolea, unaamka nazo zikiwa mbichi mkononi. Yeye anazipita zote akikoroma, mpaka kunakucha zimeshamtoka.

Kwa nini binadamu aote ndiko kugumu, na wataalamu hawajakubaliana. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alidai mwishoni mwa karne ya 19 kwamba ndoto ni matamanio tuliyoyaficha yakija yamejifunika uso. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard wakasema hapana, shina la ubongo hurusha ishara ovyo na sehemu ya juu hujitahidi kuzitungia kisa. Mfini mmoja, Antti Revonsuo, akaandika mwaka 2000 kwamba ndoto za kukimbizwa na kuanguka ni mazoezi ya hatari, mwili ukiwa salama kitandani. Wengine wanaona ni ubongo kupanga kumbukumbu za siku na kupoza machungu yake. Mimi nachukua kitu kimoja tu ambacho sijaona mmoja wao akikikana: vyombo vya ndoto ni vya huyohuyo aliyelala. Usiku ubongo ni mpishi wa msibani, anapika kwa kile kilicholetwa. Kikiletwa kisamvu atapika kisamvu, na wageni watakula.

Tena huletewa hata vitu ambavyo mwenye nyumba hajui kama vimo. Mwaka huohuo wa 2000, Robert Stickgold na wenzake wa Harvard waliwachezesha watu Tetris, ule mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyodondoka. Usingizi ulipoanza kuwachukua, wengi waliona vipande vikidondoka. Kati yao walikuwamo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, wasioweza hata kukumbuka kwamba walicheza. Na baadhi ya hao nao wakaviona.

Ndipo narudi kwenye ile sentensi yako. Pesa za korosho zilipita kwenye akaunti ya mama mdogo, akakutumia laki nne, ukaongezea mtaji, na "hilo si tatizo". Mwanangu, kama si tatizo, mbona umelileta kwa Shangazi asiyekujua, tena katikati ya habari ya nyama? Mzee aliuza kilo ngapi? Mnada gani, bei gani? Zilizobaki zilikwenda kwenye dawa, kwenye sanda na hitima, au wapi? Hujui, na hujauliza, kwa sababu ukiuliza utaonekana unamdai mtu aliyemwogesha baba yako wakati wewe uko Mikindani. Kwa hiyo umekula ulichopewa, ukanyamaza, moyoni kuna sauti inakwambia hukutakiwa kula kabla ya kuuliza. Kisha unaniuliza kwa nini usiku unamwota mwanamke huyohuyo akikupakulia kitu, nawe unakula huku roho inasita. Siapi kwamba ndiyo tafsiri, sijalala kichwani mwako. Ninachosema ni kwamba mchana kuna kisa kinachofanana mno na cha usiku, na hicho cha mchana kinaweza kumalizwa kwa kikao na daftari.

Ya simu sina haja ya kukufafanulia, unaielewa kuliko mimi. Neno moja tu. Mtu ambaye moyo umechoka mpaka miguu kuvimba tangu mwaka jana hafi kwa sababu binti yake hakupokea simu. Kupokea kwako kusingemtibu. Kungemfariji, pengine, na kungekupa wewe sauti yake ya mwisho, na hicho ndicho kinachokuuma. Ni haki kikuume. Lakini uliizima ili uamke usiku wa manane ukawatafutie wajukuu wake chakula, na mzee aliyelea familia kwa jembe na mikorosho angelielewa hilo haraka kuliko unavyojielewa mwenyewe.

Sasa meno. Kuanzia Mikindani mpaka Liwale, ukisema umeota meno yamekutoka, bibi atashika kichwa. Sasa sikia hili: mwaka 2018 watafiti wawili wa Israel, Naama Rozen na Nirit Soffer-Dudek, walichapisha uchunguzi juu ya ndoto hiyohiyo, wakakuta inaambatana na hali ya kuamka meno na fizi zikiwa zimekaza au zinauma. Mtu mwenye mawazo huweza kuuma meno usiku kucha bila kujua. Wewe wiki ile ulikuwa umetoka kumwona baba, au umesikia hali yake, na miguu yake ulikuwa unaijua. Hukuhitaji ndoto ikupe habari ya kifo, ulikuwa umeshaisoma kwa macho. Na hesabu haikai sawa: usiku wote ulioota mambo mabaya na asubuhi kukawa na chai na maandazi kama kawaida, hukuuweka kumbukumbu. Ule mmoja uliogonga ndio unausimulia mpaka leo.

Ndiyo maana sina imani na vile vijitabu vya tafsiri vinavyouzwa stendi, ukiota nyoka ni adui, ukiota samaki ni mimba. Muuza samaki wa Mikindani angekuwa na mimba kila wiki! Muhammad ibn Sirin wa Basra, ambaye vingi vya vijitabu hivyo hujibandika jina lake, anasimuliwa kuwa aliendewa na watu wawili, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia utahiji, mwingine akamwambia utashikwa kwa wizi. Alipoulizwa, akasema alitazama hali ya kila mmoja wao. Ndoto ileile, watu wawili, majibu mawili.

Na kwa kuwa barua yako ni ya nyumba ya Kiislamu, ustadhi wako hakukosea, ila amekata maneno nusu. Hadithi ya Mtume inazitaja ndoto za aina tatu: bishara njema kutoka kwa Mola, ya kuhuzunisha kutoka kwa shetani, na ile ambayo nafsi inajisemesha yenyewe. Hiyo ya tatu watu huiruka sana, nayo ndiyo iliyojaa kwenye barua yako. Kwa ndoto mbaya tumefundishwa kuomba hifadhi, kutema kidogo kushoto mara tatu, kugeuza ubavu, na kutomsimulia mtu. Wewe umemsimulia jirani, mjomba, mganga, ustadhi, na kama nawajua wanawake wa vikoba, nao wanayo. Kila aliyesikia amekurudishia hofu yako ikiwa imenenepa.

Hapo kwa mganga nitakuwa mkali kidogo. Alichokufanyia kina jina, ni ramli chonganishi, na serikali imeikataza hata kwa waganga waliosajiliwa. Angalia alivyofanya: hakutaja mtu, akakuachia wewe umalizie, ili kesho akiulizwa aseme sikumtaja. Lakini umeshahukumu tayari. Huli kwake, watoto hawaendi, na yeye pale kijijini anajiuliza amekosa nini baada ya kumzika shemeji yake. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, leo ni Sura ya 18 ya sheria zetu, na chini yake hata kumtaja mwenzako kuwa mchawi ni kosa. Kuna sababu. Nchi hii imezika wanawake wazee wengi, hasa kanda ya Ziwa, ambao habari zao zilianza hivihivi, kwa mgonjwa, mganga, na "mwanamke wa damu yako". Vikoba usikope. Beberu amtafute mwenyewe.

Tambiko la mjomba ni jambo jingine, na sitalidharau. Kusini kwetu wapo wanaosoma hitima, wapo wanaomwaga unga chini ya msolo, na wapo wengi tu wanaofanya yote mawili wiki moja na hawaoni ugomvi. Hayo mtaamua kama ukoo, kwa dini yenu na uwezo wenu, bila deni na bila kitisho. Ila mzee ndotoni hakukuuliza habari ya unga. Amekuuliza kama mmepuliza. Basi huu ndio wakati wake, maua yanakuja na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unakuja nayo, na mikorosho isipopata salfa haitakuwa na cha kuokotwa. Sijui kama kuna aliyeigusa tangu Machi. Ulizia hilo leo hii, mchana kweupe.

Kwa usiku wenyewe, kuna njia imesaidia wengi wenye ndoto mbaya za kujirudia. Daktari wa Marekani Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliowahi kubakwa, na matokeo waliyochapisha mwaka 2001 yalionyesha ndoto zao mbaya zilipungua na usingizi ukawa bora. Mchana, ukiwa umekaa salama, unaandika ndoto yako kwenye karatasi. Kisha unaibadilisha utakavyo wewe. Simu inaita, unaifuta mafuta kwa kanga, unapokea, unasema, "Abee baba." Yeye anasema anachosema, nawe unamjibu yale uliyotaka kumjibu. Halafu kila siku, dakika kumi hadi ishirini, unafumba macho na kuipitia hiyo mpya, si ile ya zamani. Itakuonekea upuuzi mwanzoni. Ipe wiki kadhaa.

Usingizi nao upange. Kama lazima uamke saa tisa, lala saa mbili na nusu, na mchana jitengee muda wa saa moja wa kulala kabla ya kwenda kukaanga. Na hizo tembe za presha usizipuuze: umeanza mwezi wa nne, na arobaini ya mzee aliyefariki Machi nayo iliangukia humohumo, mwezi wa nne au wa tano. Baadhi ya dawa za presha, propranolol mojawapo, zinajulikana kuleta ndoto kali kwa baadhi ya watu, kama ilivyo kwa dawa nyingine chache za malaria na za kufubaza virusi. Beba paketi uende nayo kliniki, umwambie daktari unavyolala. Usiache dawa kwa kuamua mwenyewe. Presha ikipanda hutakuwa na muda wa kuota. Na kama miezi inapita bado unalia kila siku, huli, kazi haiendi, au unawaza kumfuata baba, mwambie daktari huyohuyo waziwazi. Hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula ipo, na si aibu kuingia.

Mdogo wako wa Masasi, tafadhali, shela lake libaki kwako. Mwanamke wa miezi minane hahitaji kubadilishiwa hospitali kwa sababu ya usingizi wa dada yake, wala kubebwa kwenye basi mpaka Mikindani. Akibadilishiwa sasa, ataacha wanaomjua na kadi yake, aje aanze upya. Ukitaka kumsaidia, mpigie umuulize presha yake ilikuwa ngapi kliniki ya mwisho, maana wewe unayo na inapenda kutembea kwenye familia. Mwambie akiona damu, kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, au mtoto akipunguza kucheza, aende hospitali saa hiyohiyo. Muulize kama nauli ya usiku ipo na nani atamsindikiza. Ikiwa haipo, ile laki mbili ya mganga ina kazi yake hapo.

Halafu kijijini. Mpigie mjomba kwanza, yeye ndiye kaka wa mama zako wote wawili na ndiye mwenye mamlaka ya kuitisha kikao cha ukoo. Mwambie hujakataa lake la tambiko, lakini kikao kitangulie. Nenda siku moja kabla, na watoto, na samaki wako kwenye kikapu. Umwamkie mama mdogo, umshukuru kwa kumuuguza baba kabla hujasema lolote la pesa, maana sijaona kwenye barua yako kama umewahi kumshukuru. Habari ya nyama ya ndotoni usimwambie kamwe, wala usimwombe radhi kwa kosa ambalo hajui kama ulimdhania. Akikupakulia, ule.

Kikaoni ombeni hesabu ya msimu uliopita kwa upole: stakabadhi, kilo, zilizolipwa, zilizotumika hospitali na msibani. Ikitoka sawa, imetoka. Isipotoka sawa, mtajua ni suala la pesa na mtalimaliza kwa njia ya pesa. Kisha amueni mikorosho ya mzee iko kwa nani, na hapo msidanganyane kwamba ni rahisi, maana ardhi ni ya upande wa mama na miti kaipanda baba, na sheria ya dini ina hesabu yake. Andikeni muhtasari, wote mtie saini, mteue msimamizi wa mirathi mkamthibitishe Mahakama ya Mwanzo. Mtahitaji cheti cha kifo. Kama hakijachukuliwa, hiyo ndiyo safari ya kwanza. Na jina la mzee likiwa bado kwenye daftari la wakulima la AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika, liulizieni mapema, kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba, ili safari hii malipo yaingie kwenye akaunti ambayo kila mmoja wenu anaijua.